Hodi ya Nne

TANGAZO
Serikali ya Mtaa wa Mkarakara
YAH: KUUZA BIDHAA NYUMBA KWA NYUMBA

(a) Mchuuzi atembee na kibali.
(b) Saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni tu.
(c) Abishe hodi mara tatu. Asipojibiwa, aondoke.
(d) Penye kibao SINUNUI, asibishe hodi wala asivuke geti.

Atakayekiuka atanyang'anywa kibali.

1.

Tangazo hilo niliandika mimi, mtendaji wa mtaa. Usinicheke. Watu walichoka kuamshwa alfajiri na wauza dawa ya mende. Wachuuzi kumi na tisa walitia sahihi bila kusoma.

Wa ishirini alisoma.

2.

Tumpale. Anazunguka na mabeseni kichwani, ukimpa nguo kuukuu anakupa beseni. Alisoma mpaka chini, kisha akauliza kama kusalimia kutoka barabarani kunaruhusiwa. Nikamwambia salamu haihitaji kibali.

3.

Kibao cha kwanza mtaani kilikuwa cha Mzee Asagwile, fundi saa mstaafu anayeishi peke yake. Herufi nyekundu. Kila asubuhi, miezi minane:

— Shikamoo, mzee.
— Marahaba. Sinunui.
— Sijauliza.

Majirani wanasema hapo wote wawili walikuwa wanacheka.

4.

Jumanne.

— Shikamoo, mzee.



— Shikamoo, mzee.



5.

(Tumpale mwenyewe, alivyonieleza)

Redio ilikuwa inaongea. Viatu vyake viko mlangoni. Nikatazama kibao, nikatazama geti. Nikasema hodi. Hodi. Hodi. Nimelelewa hivyo, mtendaji, tatu basi, ya nne ni kukosa adabu. Nikatua mabeseni chini, nikasema ya

6.

Bombani, foleni ya maji:

"Kavuka geti?"
"Kavuka. Kamkuta jikoni sakafuni, nyonga imevunjika, kalala hapo tangu jana yake jioni."
"Maskini."
"Kamfunika nguo kuukuu zote alizokuwa nazo, mpaka bajaji ikaja."
"Na kibao je?"

7.

Vilivyowekwa mezani kwangu Jumatano:

kibali namba 20
nakala ya tangazo, kipengele (d) kimepigiwa mstari

Nilimsihi achukue kibali chake. Akanikumbusha kwamba wenzake wawili walinyang'anywa kwa kuvuka geti, na aliyewanyang'anya ni mimi. Nikamuuliza watoto watakula nini.

"Nilitia sahihi, mtendaji. Na nilisoma."

Nina miaka kumi na saba katika kazi hii. Sijawahi kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu yule mama akitoka ofisini mikono mitupu. Wala sijawahi kuona aibu vile.

8.

Rasimu ya kipengele (e):

Isipokuwa pale ambapo mchuuzi amesikia
(nimefuta)
Isipokuwa pale ambapo mchuuzi hakusikia
(nimefuta)
Isipokuwa

Wewe unayesoma, ungeandikaje? Kamati imekaa mara mbili na bado haijakubaliana.

9.

Mzee alirudi kutoka hospitali baada ya wiki tano, kwa magongo. Siku tatu mfululizo aliketi karibu na geti kuanzia saa tatu asubuhi. Wachuuzi walipita kimya, wakikiheshimu kibao. Siku ya nne alikuja ofisini kuomba kile kibali. Nilimpa bila kuandika popote.

10.

Nilimfuata kwa nyuma, nikiogopa asianguke. Tumpale amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga. Mzee alikuwa na kibali kwenye mfuko wa shati, na begani furushi la nguo kuukuu. Yeye, ambaye hanunui.

— Hodi.

Ndani mabeseni yaligongana, kisha yakanyamaza.

— Hodi.

— Hodi.

Kimya. Akanigeukia na kuniuliza taratibu sheria inasemaje. Nikatazama pembeni.

Akashika magongo yake vizuri.

— Ho