Darubini Aliyoichagua Mwanvita

Mchagua jembe si mkulima, husema watu, na siku ile Mrisho alichagua darubini tangu asubuhi mpaka kivuli cha duka kikahamia upande wa pili wa njia. Wala hakuwa mvivu. Jicho lake la kulia liliungua kwa baruti, gobore lilipotema moto nyuma badala ya mbele, na tangu hapo alikuwa akikisia zaidi ya kuona. Mwindaji wa nyati anayekisia hazeeki. Ndiyo maana akamchukua mkewe, Mwanvita, wakaenda pamoja dukani kwa Humoud, Mwarabu aliyenunua vyombo vya misafara iliyorudi Bagamoyo kutoka bara.

Humoud alikuwa nazo mbili, zote za macho mawili, na kiweko kimoja cha miguu mitatu cha kuzisimamishia, maana mkono wa mtu hutetemeka hata akiwa shujaa. Moja ilikuwa ndefu na nzito. Ya pili ilikuwa fupi, nene, ngozi yake imechubuka. Akaikita ile miguu barazani, akakaza ile fupi juu yake, Mrisho akatazama, akasema nzuri. Ikawekwa ndefu, akatazama, akasema nayo nzuri. Mwisho akamgeukia mkewe.

"Tazama wewe," akasema. "Macho yako ndiyo macho yangu sasa."

Mwanvita akainama. Ile fupi ilimwonyesha ufuo mzima: wapagazi wamekalia mizigo, wanawake na vikapu vya dagaa, mbwa anayefukuzwa, wote wamesogea kidogo tu. Hakuona ajabu yake. Ile ndefu ilipokazwa alimwona mzee mmoja akichokoa meno, karibu kiasi cha kumpa shikamoo. Akaruka nyuma akicheka, akatazama tena, na moyo wake ukakata shauri. Kila mumewe alipokwenda porini yeye alilala macho. Kitu kinachomleta nyati mpaka mlangoni, alijiambia, kitamwondolea Mrisho haja ya kumwendea.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mapenzi, ambalo huuma kuliko makosa mengine yote. Darubini haiui. Gobore la Mrisho lilikuwa lile lile, risasi yake haifiki mbali, na nyati aliyeonwa kutoka ng'ambo ya bonde bado ilibidi anyatiwe mpaka karibu. Humoud alijitahidi kumweleza, Mungu amlipe. Inayovuta sana, alisema, huona padogo, na alfajiri huwa na kiza. Wawindaji waliopita dukani kwake huchukua hiyo fupi, kwa kuwa huwaonyesha kundi zima pamoja na vichaka lilimojilaza.

"Kundi la nini?" Mwanvita akamjibu. "Anayeua ni mmoja."

Mrisho alicheka, akampigia makofi mkewe kwa kumshinda Mwarabu maneno, akaitwaa ile ndefu.

Baada ya siku chache Mrisho na mdogo wake Bwanausi wakaondoka kuelekea Vigwaza, kwenye matete ya mto Ruvu. Nyumbani akabaki Mwanvita na mama mkwe wake, Bi Fatu, wakishika miiko ya nyumba ya mwindaji. Watu wale walisali sala zao tano na miiko yao waliishika, wala hawakuona kuwa kimoja kinamsonga mwenzake. Mume akiwa porini mke hasuki nywele, nyumbani hapagombwi, na moto wa jikoni hautoki nje, hata kaa moja, mpaka arudi. Yote hayo Bi Fatu ndiye aliyemfundisha Mwanvita, ambaye aliingia nyumba ile akiwa yatima. Alimfundisha kwa upole, kama mtu anayemfunza bintiye kukuna nazi. Mwanvita hakuwa na mama mwingine duniani.

Bwanausi alirudi peke yake, amebeba darubini na miguu yake mitatu begani. Kaka yake alikwisha kuzikwa huko huko.

Alipoweza kusema, alieleza kwamba asubuhi, mwanga ulipoanza tu, waliisimamisha darubini juu ya kichuguu. Mrisho akatazama kwa jicho lake zima, akasema ni dume mzee, yuko peke yake. Bwanausi naye akatazama, akaona hata kupe masikioni mwake. Pembeni mwake hapakuwa na kitu. Wakashuka wakamnyatia, Mrisho mbele. Alipoinua bunduki, matete ya kushoto yakapasuka, wakatoka nyati wengine ambao Bwanausi hata leo hajui walitokea wapi.

"Walikuwa hawapo," alirudia kusema huku akilia. "Wallahi, shemeji, walikuwa hawapo."

Walikuwapo. Mwanvita alijua hivyo palepale, na maneno ya Humoud yakamrudia moja baada ya jingine, na lile jibu lake la kuchekesha likamrudia pia. Akafungua mdomo aseme. Lakini Bi Fatu alimtangulia.

"Ni mimi," alisema kizee yule. "Nilitoa moto."

Mtoto wa jirani yao Adija alikuwa na homa, maji ya moto yakatakiwa, na jiko la Adija lilikuwa limezimika. Mwanvita alikuwa kisimani. Bi Fatu akachota makaa mawili kwenye kigae, akampa, maana mtoto alikuwa akitetemeka, na miiko haikumjia akilini mpaka Adija alipokwisha kuvuka njia. Mtoto alipona. Sasa Bi Fatu aliona kwamba alimpa Adija mwanawe akamtoa wa kwake.

Tangu siku hiyo hakula. Shehe alikuja akamwambia ni kadari, ajali haina kinga, naye aliitikia kila neno kwa heshima, lakini chakula kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Mwanvita, aliyekaa eda ndani ya nyumba ile ile, alimwona akipungua. Alijua dawa yake. Neno moja lingemwinua mama yule, na neno hilo hilo lingemfanya yeye kuwa mke aliyemchagulia mumewe kifo. Akanyamaza siku moja, akanyamaza ya pili, akijiona mwoga na mwizi. Mikono ya Bi Fatu ilipoanza kushindwa hata kushika tasbihi, hakuweza kunyamaza tena.

Akaisimamisha darubini uani, mbele ya pengo la ua, akailenga kwenye malisho ya mbuzi nje ya mji. Akamshika mama mkono, akamleta, akamwomba atazame.

"Naona mbuzi," alisema Bi Fatu. "Mweupe. Anatafuna."

"Wangapi, mama?"

"Mmoja."

"Sasa inua uso, tazama kwa macho yako."

Bi Fatu akainua uso. Mbuzi walikuwa wengi, wametapakaa malisho yote, na waliokuwa kushoto walikaribia kumgusa yule mweupe.

"Moto haukumuua Mrisho," alisema Mwanvita. "Kulikuwa na nyingine, inaonyesha kundi zima. Humoud alinikataza hii. Mimi ndiye niliyeichagua, nilidhani itamweka mbali nao."

Bi Fatu aliinama tena kwenye darubini, akakaa hapo muda mrefu, kisha akarudi ndani kwa kushika ukuta. Mwanvita alibaki uani, hajui aende au akae, mpaka aliposikia akiitwa. Mama alitaka uji.

Akauleta mbio. Bi Fatu akanywa, kwanza kwa kijiko, kisha akaliinua bakuli kwa mikono miwili akaumaliza wote, na Mwanvita, akiwa amepiga magoti mbele yake, alilia kwa furaha, ya kwanza tangu msiba.

"Eda yako ikiisha," alisema Bi Fatu, "utarudi kwa wajomba zako Msata."

Mwanvita akaokota kijiko.

"Sikulaumu. Ulitaka arudi, na mimi nilitaka arudi. Lakini mimi ni mama yake, Mwanvita. Nikikuona nitakuwa nakuona umeinama dukani, unacheka. Sitaweza."

"Sawa, mama."

Bi Fatu akapangusa midomo. Bado alikuwa na njaa, akamnyooshea bakuli. Mwanvita akalipokea, akaenda jikoni kumchotea uji mwingine.