Nduru ya Mama Chris

...na kwa nini amekaa mbele, mbele kabisa, mama yangu ndiye aliyemleta, amemtoa Soweto West hadi huku Kawangware kwa huruma tu, eti, "Kuja uone mchezo ya watoto, Mama Chris, hata ucheke kidogo," kwa sababu sikumwambia mama kwamba tamthilia yenyewe ni ya kale, ya msiba tangu ukurasa wa kwanza, nilimwambia tu mimi ni malkia, akafurahi, na sasa malkia nimepiga magoti mbele ya darasa zima na wazazi wao, mwanangu amelala chini amefunikwa shuka, yaani Ramzy, ambaye tumbo linapanda na kushuka waziwazi, na Irungu, ndiye tarishi, anaeleza jinsi mwana wa mfalme alivyoanguka kutoka ukuta wa mji, polepole Irungu, usimalize, ukimaliza ni zamu yangu kulia... alivyoanguka, Mungu wangu, Chris naye alianguka, kwenye mjengo alikofanya kibarua, na asubuhi ile walipomletea mama yake habari nilikuwa papo hapo nyuma ya mabati, ukuta wetu ni mmoja, nikaisikia nduru yake, na ploti nzima ikatoka, maana kwetu nduru haiachwi ilie peke yake, mwanamke akiipiga, aliye karibu anaitikia, hata kama wamekosana, hata kama ameshika sufuria ya moto anaiweka chini anakuja, mama yangu alitoka na kichwa kimesukwa nusu, na mimi nikachukua simu nikaanza kurekodi. Si kwamba sikuwa na uchungu, Chris ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ila Mwalimu Mbuthia alikuwa ameniaibisha katika somo la fasihi, "Jael, unalia kama mtu amenyimwa chapo, enda utafute kilio ya ukweli," na kilio cha kweli kikaja chenyewe, mlangoni, sikukitafuta, nilikifungia mlango tu nikakichukua... jioni nilipoingia na mama kumpa pole akanishika mkono, akaniuliza, "Jael, asubuhi ulikuwa shule?" nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo! Halafu usiku earphone masikioni, nakariri, pale anapomwita mwanawe, pale sauti inapokatika, hata kikohozi cha mwisho, kikohozi cha mama wa watu nimekijua kwa moyo kama Salamu Maria, na jana kwenye mazoezi nilipokitoa mwalimu akavua miwani, "Hapo sasa!" na Ramzy akafufuka akasema, "Wee Jael, kwetu Waislamu ningekuwa nishazikwa, hamngepata hata time ya kulia hivyo," tukacheka, mimi nilicheka kuliko wote, nilijiona msanii, mwizi mimi... "Na mwili wake, ewe malkia," anasema Irungu, "ndio huu miguuni pako," bado maneno machache, na Mama Chris hatabasamu tena, ameelewa, ameona shuka, ataondoka, heri aondoke, mama mtoe nje basi, lakini haondoki, anatoa leso mabegani, anaifunga kiunoni, anaikaza vile wanavyoikaza wanawake wanapofika kwenye matanga, na mama anamvuta, anamnong'oneza, "Mama Chris, wacha, ni mchezo tu," naye anajibu, si kwa kunong'ona, hajui kunong'ona, "Hata kama. Sasa huyu mtoto aachwe alie pekee yake?" Mimi. Ananiitikia mimi, kwa maiti inayopumua, kwa mwana wa uongo, yeye ambaye nilikuwa hatua mbili kutoka mlango wake nikanyamaza ili simu isije ikachukua sauti yangu... Irungu amemaliza, mwalimu ananikodolea macho kutoka pembeni, Ramzy anafungua jicho moja, "Jael, ni wewe sasa," na ile nduru iko kooni, kamili, na kikohozi chake, naimeza, si yangu, na yangu sijui inaanzaje, ningeipiga asubuhi ile ningekuwa naijua. Mama Chris amekwisha kuvua viatu.