Gauni Lililomkosa Mvaaji

Recho aliondoka Musoma na furaha tele, kwa sababu alikuwa amepata nafasi ya kusomea unesi Mwanza. Rafiki yake Hilda alimsindikiza mpaka stendi, akamkumbatia, akamtakia heri kwa moyo mweupe. Basi lilipokwisha kukata kona ndipo akili ilipomrudia: Jumamosi ni maonyesho ya chuo, kule Bunda, na msichana wa kulivaa gauni lake ndiye huyo kashakwenda.

Hilda alikuwa mwaka wa pili, akisomea ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja cha Mwisenge, hapo hapo Musoma. Alipanga chumba mtaa wa Kamunyonge na mwanafunzi mwenzake, Mwanahalima, na humo ndani vitambaa vilikuwa na nafasi kubwa kuliko wenyewe. Masomo yalikuwa yamemnyoosha. Aliwahi kuunguza kitambaa cha mwalimu kwa pasi, na aliwahi kushona blauzi yenye mikono yote ya kushoto, darasa likacheka mpaka kengele. Lakini gauni hili lilikuwa habari nyingine. Lilikuwa la kitenge cha kijani, limebana kuanzia kifuani mpaka magotini, kisha likifunguka chini kama mkia wa samaki. Hata waliomcheka walikuwa wakija kulishika.

Tatizo ni kwamba lilishonwa kwa mwili wa Recho, na Recho ni mrefu, mwembamba kama tete. Mwanahalima alimletea wasichana wa jirani. Huyu lilimzidi urefu, yule lilimgomea magotini. Mwishowe Hilda akalikunja gauni, akalitia kwenye mfuko, akaenda Butiama kwa shangazi yake, Tereza, dada wa baba yake, aliyemlea.

Shangazi Tereza aliishi Mwitongo, akilima mihogo na ulezi. Alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi.

"Hili ndilo linalokunyimaga usingizi?" aliuliza, akilipokea gauni. "Ngoja nilijaribu."

"Shangazi, halitakuenea."

Alikwishaingia chumbani. Mara: praaa!

"Hilda! Mkia umeingia, samaki kagoma!"

Akatoka nje akicheka mpaka machozi, mshono wa ubavuni umeachia toka kwapani hadi nyongani. Hilda hakucheka. Alikaa juu ya kigoda, akalia kama mtoto. Kicheko cha shangazi kikakatika. Akaketi kando yake, na gauni lake lililochanika.

"Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia kazi."

"Hukuharibu wewe, shangazi. Gauni lenyewe halina mtu."

"Kwani mimi si mtu?"

Hilda akainua uso. Shangazi hakuwa anatania.

"Ni jukwaani, shangazi. Mbele za watu wengi."

"Na kanisani ninaposomaga neno, nawasomea kuku?"

Hilda akacheka huku kamasi zikimtoka. Akafuta uso, akachukua futi ya kupimia. Alipofika mabegani akasita, akapima tena. Bega la kulia lilikuwa chini kuliko la kushoto.

"Lilivunjikaga nikiwa msichana," shangazi alisema. "Niliteleza mwambani nikifukuza mbuzi. Mafundi wananipimaga hili moja zima, basi nguo zote zinalala upande."

Toka utotoni Hilda alimwona shangazi akivuta kola yake kila baada ya hatua chache, akadhani ni mazoea tu. Hakuna siku aliyomuuliza. Aliona haya, lakini chini ya haya hiyo kulikuwa na furaha, kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba aliyoizoea.

Akaazima cherehani kwa jirani, Mama Helena, na siku nzima ya Ijumaa akaifanya kazi chini ya kibaraza. Alilifumua gauni lote. Kitenge cha kijani hakikutosha, kwa hiyo akaongeza vipande vya rangi ya chungwa ubavuni, kutoka kwenye doti ya shangazi mwenyewe. Kila bega akalikata kwa kipimo chake. Alitaka kuuondoa mkia, shangazi akakataa katakata.

"Mkia uache. Nimeupenda."

Kule Bunda, nyuma ya jukwaa, mwalimu wao, Madam Hafidha, alimzunguka shangazi taratibu.

"Hilda, mchoro ulioniletea ulikuwa wa msichana."

"Ndiyo, madam. Umekua."

Madam akainama, akaligeuza pindo. "Hili umelishona unakimbia?"

"Karibu hivyo, madam."

"Inaonekana." Kisha akagusa mabega, akaifuata mishono yake kwa kidole. "Hapa hukukimbia."

Muziki ukaanza. Shangazi Tereza alitembea vizuri mpaka katikati, akasahau kugeuka, akasimama tu akiwatazama watu. Hilda akamwashiria kwa mkono ageuke. Ndipo shangazi akainua mikono yote miwili juu, gauni likabaki limetulia mahali pake, akapiga kigelegele cha kujishangilia mwenyewe. Ukumbi mzima ukaitikia.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Mwanahalima, na kwa haki kabisa; Hilda alimrukia kwa shangwe wakaangukia viti. Yeye alisifiwa kwa vipimo na kulaumiwa kwa pindo. Alipotoka nje, mama mmoja mwenye mgongo uliopinda kidogo alimgusa mkono.

"Binti, na mimi utaniweza?"

"Nitakuweza, mama. Geuka nikuone vizuri."

Shangazi alikuwa keshatangulia hotelini kuagiza samaki sato wa kukaanga. Alikataa kubadili nguo. Alipita sokoni na mkia wake wa kijani, akisalimia kila mtu, hata wasiomjua.