Mashimo Saba kwenye Pipa la Bluu

Mtu asidhani naandika haya kwa kuwa nimetubu. Naandika kwa sababu huku Uru kila mtu anaisimulia habari ile anavyotaka, na wote wananifanya mjinga. Mimi si mjinga. Nilikuwa karani wa ushirika wa kahawa miaka kumi na minne, nikivaa tai hata siku za mvua, mpaka walipotupunguza kazini. Hadi leo, mtu akitaka barua ya maana kupelekwa wilayani, anapiga hodi kwangu.

Dada yangu Mektrida, yeye, anaokota takataka. Mumewe alipomfukuza kule Chekereni alirudi na sanduku moja, akapanga chumba Kiboriloni nyuma ya soko. Badala ya kuuza nyanya kama wanawake wenzake, akaanza kuzunguka na gunia akikusanya mifuko ya rambo, madumu yaliyopasuka, kandambili zilizokatika na chupa za maji wanazotupa Wazungu wakishuka mlimani. Uchafu huo anauosha, anausokota, anauchoma kwa msumari wa moto na kuuunganisha, mpaka unakuwa picha za kupapasa kwa mkono: ng'ombe, kanisa letu la parokia, tawi la kahawa na punje zake.

Alianza kwa ajili ya baba. Baba yetu, Mzee Ildefonce, aliacha kuona mwaka uleule bei ya kahawa ilipoanguka, na tangu hapo anashinda barazani akipapasa uchafu wa Mektrida kama mtu anayesoma gazeti. Kuna sista mmoja anazinunua picha hizo kwa ajili ya watoto wasioona, basi dada yangu akajiona fundi. Mimi nilikuwa naona haya hata kupita mbele ya chumba chake. Sisi, watu wa kuheshimika, tukawa ukoo wa jalalani!

Mwaka 2001 alikuja tajiri mmoja wa mjini, Godbless, mtu wa tumbo kubwa na maneno machache. Alitaka kujenga nyumba ya wageni kwa ajili ya wapanda mlima, na sehemu yangu ya kihamba, yaani shamba letu la ukoo, ilimpendeza, ila kwa sharti moja: iguse barabara. Sasa, sehemu iliyogusa barabara baba alikuwa amempa Mektrida siku aliyorudi kutoka kwa mumewe. Mwanamke aliyeachika, anapewa kihamba, tena cha barabarani! Hebu niambie nani hapo ni mjinga.

Kati ya sehemu yangu na yake baba alipanda masale saba kwa mkono wake, kuanzia kwenye jiwe la kaburi la babu hadi barabarani. Kwa asiyejua, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaouweka mpakani. Ukimkosea mtu, ndilo jani unalompelekea kumwomba msamaha, na hawezi kulikataa. Likishasimama mpakani, hakuna mwenye akili timamu anayeligusa.

Mimi nililigusa. Siku moja watu wote walikuwa wamekwenda kwenye mazishi Shirimatunda, nikang'oa yote saba, nikayapanda upya ukingoni mwa korongo, mwisho kabisa wa sehemu yake. Mektrida akabakiwa na kipande cha kufungia mbuzi mmoja, na barabara ikawa yangu. Mashimo ya zamani nikayafunika kwa majani ya migomba. Kisha nikamtafuta mtu wa kunichorea ramani, akanichorea ramani safi ya wino mweusi, yenye mshale wa kuonyesha kaskazini.

Ilibaki kitu kimoja tu: dole gumba la baba kwenye hati, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Baba alikuwa amekwisha kubali niuze sehemu yangu, kwa shingo upande, ila alisema, "Hadi kwenye masale, Primus. Usivuke hata hatua moja." Nikamwekea ramani mapajani. Akaipapasa mbele, akaigeuza, akaipapasa nyuma.

"Hii haina kitu," akasema.

"Baba, imechorwa kitaalamu."

"Imechorewa wenye macho. Mwambie Mektrida anitengenezee shamba nilishike. Nikilishika, natia dole."

Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Kwangu hilo halikuwa tatizo hata kidogo. Kipofu atapapasa mifuko ya rambo, ataridhika, atatia dole, na mambo yatakwisha. Nikateremka mwenyewe hadi Kiboriloni, nikamkuta Mektrida amechuchumaa kati ya ndoo mbovu, moshi wa plastiki umemwingia mpaka kwenye nywele. Nikamtupia nakala ya ramani.

"Nakili hii. Usijitungie."

Aliitazama kwa muda mrefu. "Shikamoo kaka," akasema, maana mimi sikuwa nimempa hata nafasi ya kunisalimu. "Nitakuja kupima mwenyewe. Baba ana vidole vikali."

"Njoo upime hata nyayo za kuku," nikamjibu, nikaondoka.

Alikuja Alhamisi. Sikutoka hata nje kumpokea. Nilimwona kupitia dirisha akitembea shambani na kipande cha kamba, akiinama, akiinua majani ya migomba, akichomeka kidole ardhini. Nikajisemea, masikini, hata kwenye kihamba cha baba yake anatafuta chupa.

Jumamosi asubuhi tulikaa uani. Mjumbe wetu, Mzee Remigius, alikuja na kidau cha wino na muhuri wake kwenye mfuko wa koti. Godbless aliletewa kiti cha sebuleni. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwepo, nami nilikuwa nimevaa tai. Mektrida akafika amebeba kitu kipana kilichofunikwa kwa kitenge, akawaamkia wazee, akakiweka kwenye mapaja ya baba.

Lilikuwa bamba la pipa la bluu, limenyooshwa kwa maji ya moto. Migomba ilikuwa mifuko ya rambo iliyosokotwa, kahawa ni vizibo vya chupa, mfongo wetu, yaani mfereji wa maji, ni mpira uliopasuliwa katikati, barabara ni soli ya kandambili, na jiwe la babu ni bonge la beseni lililoyeyushwa. Masale yalikuwa vipande saba vya dumu la kijani, vimesimama wima pembeni, ukingoni mwa korongo. Baba akaanza kutembeza vidole. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona nilipomsomea barua za serikali.

"Hapa nyumbani. Huu mfongo. Huu mgomba wa mshare, niliupanda ulipozaliwa, Mektrida."

Godbless akasogeza kiti ili aone vizuri. Mzee Remigius akasema, "Eh! Mtoto ana mikono huyu." Nikaona wanaanza kuutukuza uchafu, na kidau cha wino kimekaa wazi bure. Mzee Remigius alikuwa amekwisha kulipaka wino dole la baba, lilibaki kubonyeza tu. Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

"Mikono gani?" nikasema. "Tazameni wenyewe. Pipa zima katoboatoboa. Hata hiyo kazi ya jalalani yenyewe haiwezi."

"Kumetobolewa wapi?" baba akauliza.

Ni mimi. Hakuna aliyenituma. Nilimshika baba kidole, nikakipeleka kwenye tundu la kwanza, karibu na jiwe la babu. "Hapa, baba. Umeona?"

Kidole kikazama. Kikatoka, kikasogea taratibu, kikazama tena. La tatu. La nne. Yalikuwa yamepangwa mstari mmoja kutoka kwenye jiwe hadi kwenye soli ya kandambili, na nilipoona ule mstari nilitamani kumwondolea bamba lote mapajani. Baba alifika la saba, akasimama. Kisha akavuka hadi ukingoni mwa korongo, akagusa vile vipande vya dumu kimoja baada ya kingine, vyote saba.

"Mektrida, mbona umetoboa hapa?"

"Ndivyo ardhi ilivyo, baba," akasema. Hata hakunitazama. "Nimeweka kila kilichopo."

Mzee Remigius alinyanyuka, akaenda shambani. Alirudi na udongo kwenye viatu. "Yapo," akasema. "Saba. Yamefunikwa majani." Akakifunika kidau chake cha wino, akakirudisha mfukoni.

Godbless alisimama. Yule mtu wa mjini, aliyenunua nusu ya Moshi kwa maneno ya kudanganya, alinitazama kuanzia tai hadi viatu kana kwamba nimemwagiwa kinyesi. "Mimi sijengi mahali walipong'oa masale," akasema. "Hata unipe bure." Gari lake likawaka, likaondoka.

Nilisubiri baba anilaani. Laana ningeivumilia, kwa maana laana ni neno la mzazi kwa mtoto wake.

"Lete mkono," akasema.

Nikampa. Akapapasa kiganja, akapita kwenye kila kidole, polepole, kama alivyopapasa lile pipa. Kisha akaligandamiza dole lake lenye wino katikati ya kiganja changu, kwa nguvu, mpaka nikasikia maumivu.

"Ulilitaka dole langu. Hilo hapo. Na kesho utayarudisha masale kwa mikono yako, Mektrida akikuelekeza mahali."

Akaniachia. Akalifuta dole kwa kitenge cha Mektrida, akalivuta bamba karibu na kifua.

"Haya mwanangu, tuendelee," akamwambia. "Tulikuwa tumefika wapi?"

Mektrida akamshika kidole, akakirudisha kwenye mfongo. Mzee Remigius akasogeza kiti chake na kuinama, akafumba macho, naye akaanza kupapasa migomba. Nilisimama pale nimefumba kiganja, na hakuna aliyeniambia nikae wala niondoke.