Marehemu Aliyeimba Harusini

Tejkunwar alimtambua kwa kutafuna kwake. Hajamsikia akisema neno, hajachungulia kwenye pazia la vijiti, lile tafuno la mdomo wazi likamfikia, tambuu inageuzwa shavu hili hadi lile, kisha mate mekundu yakatua ndani ya tasa ya fedha. Kwa miaka miwili alikuwa amelala pembeni ya tasa ile.

Waimbaji wa kukodi huambiwa siku ya harusi na mlango wa kuingilia, basi. Majina ya wa kutukanwa katika nyimbo hupewa wakishakaa. Ndipo mwanamke mmoja wa nyumba ile akainama akawanong'oneza kwamba bwana harusi ni Harpal Singh, raja wa Bhitaria. Ndiye yule yule mume ambaye Tejkunwar alimtoroka miezi minane iliyopita.

Alitoroka na sari aliyoivaa, akadandia treni ya daraja la tatu, na stesheni akaangukia mikononi mwa Batasan na kundi lake la waimbaji. Hakujua kuwasha moto wala kufua nguo. Lalman, aliyelipigia kundi sarangi, ala ya nyuzi na uta, alimfundisha bila kumuuliza ametoka wapi, na kila walipopika alimwachia nafasi upande usio na moshi. Mwanamume wa kumwachia mtu upande usio na moshi Tejkunwar hakuwahi kumwona katika jumba lolote. Walikwishapatana kuoana mavuno yakiisha.

Raja naye angekubali vipi aibu ya kukimbiwa na mke? Alitangaza kwamba mkewe amezama katika mto mtakatifu wa Ganga. Mwili haukupatikana, basi akasuka mtu wa majani, akamchoma, akanyoa kichwa, na siku ya kumi na tatu akalisha ukoo mzima matanga. Mkuu wa wilaya, Mwingereza, alimletea barua ya rambirambi, nayo ikatiwa fremu sebuleni. Shenzi kabisa. Na leo akitambuliwa tu, Tejkunwar atarudishwa kwenye tasa ile, na Lalman atafungwa na polisi wa serikali kwa kuiba mke wa mtu.

"Mbona umekaa kama umemeza nzi?" Batasan akamnong'oneza. "Toa sauti, mwanangu. Wanaume wameshapakuliwa, wanangoja kutukanwa."

"Tumbo, mama."

"Tumbo lako hawakulikodi. Wamekodi koo."

Mila ndiyo hiyo: wageni wa bwana harusi wakiketi kula, wanawake upande wa bibi harusi huwarushia mipasho kutoka nyuma ya pazia, na anayekasirika amejiaibisha. Lalman, aliyekaa upande wa wanaume, akavuta uta. Waliimba juu ya pua ya bwana harusi, juu ya shangazi yake na mpishi, na wanaume wakacheka huku samli ikiwatiririka viganjani.

Tejkunwar alikuwa akifumbua mdomo tu, sauti haitoki. Angeweza kumaliza hivyo hivyo na kwenda zake. Lakini raja, mdomo umejaa wali, akamgeukia baba mkwe wake mtarajiwa.

"Marehemu alikuwa malaika," alisema. "Nimelia mpaka macho yakavimba. Hadi leo chakula hakinipiti." Mkono ukarudi kwenye sahani ya majani, ukachota tonge kubwa.

Kinyaa kikaushinda woga. Tejkunwar akaimba peke yake:

"Bwana harusi alimlilia nani? Alichoma majani makavu.
Marehemu yu nyuma ya pazia, anakusikia unavyotafuna."

Sarangi ikasita, kisha ikamfuata. Wanaume wakaangua kicheko, mpaka walipoona tonge la raja limesimama hewani.

Gajadhar, ami yake raja, akaweka kikombe chini. "Sauti hiyo naijua. Harpal, huyo si mkeo?"

Wageni wakageukia pazia.

"Mimi nilikula matanga yake," alisema mgeni mmoja, akasukuma sahani. "Kama yu hai, tulilishwa nini sisi?"

"Pazia liinuliwe," mwingine akasema.

Tejkunwar alimwona raja kupitia vijiti, dengu imenata kwenye sharubu. Alimwona akipima. Akisema ndiyo, amelisha ukoo mzima matanga ya uongo, na hakuna atakayegusa tena chakula chake.

"Mke wangu nilimchoma kwa mikono hii," raja akasema. "Huyo ni mwimbaji wa kukodi. Simjui."

"Unaapa?"

"Kwa maji ya Ganga, naapa."

Akalitia lile tonge mdomoni. Yule mgeni akaivuta sahani yake tena, maana wali ulikuwa mtamu, na kila mtu akaendelea kula.

Lalman alisogea hadi kwenye pazia, anajifanya anakaza nyuzi. "Umesikia? Marehemu hana mume."

"Nimesikia."

"Basi mimi napeleka posa kwa marehemu."

Tejkunwar akacheka, machozi yakimtoka. Alimpenda mtu huyu, na alikuwa huru. Hata hivyo kinyaa hakikumtoka, kwa sababu kule mbele yule aliyeapa alikuwa akilamba vidole, na baba wa bibi harusi, aliyesikia kila neno, alikuwa akimwongezea samli.

Mtu akavuta pindo la sari yake. Alikuwa bibi harusi mwenyewe, Dulari, msichana wa miaka kumi na minane, mikono imepakwa manjano mpaka viwikoni. Alikuwa ameketi nyuma yao muda wote.

"Dada, ni wewe, sivyo?"

Tejkunwar akaitika kwa kichwa.

"Ulipomtoroka, ulitokea mlango gani?"

Batasan alikuwa ameanza wimbo mwingine. Tejkunwar akamwinamia msichana sikioni.

"Mlango wa madobi, nyuma ya zizi. Jumatatu hutoka na mafurushi alfajiri, wote wamejifunika uso. Usivae bangili."