Mrija wa Shemeji Cantalicio

Nilimwambia mlangoni, mbele ya majirani: "Shemeji Cantalicio, dawa za saratani zimemmaliza Derlis chembe nyeupe za damu. Mwanangu hana askari mwilini. Hicho kikohozi chako kibaki barazani!"

"Kikohozi gani? Vumbi tu," akanijibu kaka wa marehemu mume wangu, pembe yake ya terere kwapani.

Huku mjini kwetu Luque terere ni pembe moja ya maji baridi na majani, mrija mmoja kwa mduara mzima wa watu. Ukikataa mrija wa mtu, umemtukana. Ndiyo maana nilimnunulia Derlis pembe yake, nikaapa hataishika mwingine.

Nikaenda uani kuanua nguo, basi. Kurudi, mrija wa Cantalicio umo mdomoni mwa mwanangu.

Nilimpokonya, maji yakalowesha shuka lote. "Una akili wewe, au makamasi matupu kichwani?"

"Shemeji, babu zetu walikunywa hivihivi na hawakufa."

"Walikufa wote! Nionyeshe mmoja aliye hai!"

Kesho yake Derlis alichemka homa. Hospitalini daktari alisema chembe zake nyeupe hazitoshi kupigana hata na mafua, sembuse kilichoingia kifuani. Cantalicio akaja kukaa ukumbini, kofia mapajani.

"Akifa," nikamwambia, "matangani kwangu usikanyage."

Kila siku alikuja, na kila siku nilimtukana.

Homa ilikaa zaidi ya wiki. Ndipo chembe zikaanza kurudi, kidogo kidogo, na Derlis akapata sauti. Mimi nikaanza tena: ba'mkubwa wako mpumbavu, ba'mkubwa wako muuaji.

"Mama, nilimsikia akikohoa. Nilijua."

"Ulijua, ukanywa?"

"Tangu niugue mnanisukumia sahani kwa mbali, kama mbwa wa jirani. Ni yeye peke yake aliyenipitishia pembe."

Hasira ilinipanda upya, na safari hii sikujua nimpige nani. Nikatoka hadi ukumbini. Jitu lenyewe bado limekaa palepale.

"Kikohozi kimeisha?"

"Kimeisha, shemeji."

"Inuka ukamwone daktari; akikukubalia, ingia. Pembe yako, pembe yake, na mimi nina yangu. Tutakaa mduara mmoja, kila mtu na mrija wake. Na ukipiga chafya tu, Cantalicio, nakuua."

Akainuka analia, nikamsukuma mgongoni aende haraka.