Filta Iliyopakwa Wanja

Sabiha muuza samaki alikuwa na kirikuu kimoja cha kubebea mizigo na wasiwasi wa kuwatosha watu kumi. Wiki hiyo wasiwasi wote ulimwangukia Yunus, fundi wake wa njia ya Mbegani. Mara mbili amemlipa abadilishe oili na filta yake, na mara mbili oili imegeuka lami kabla ya siku zake.

Safari hii jambo lilikuwa zito. Rukaya, mhasibu wake, alimweleza kuwa gharama za kutengeneza gari la kazi huondolewa kwenye mapato kabla ya kodi kupigwa, mradi iwepo risiti ya mashine. Faili la kodi linafungwa leo adhuhuri. Kama filta haibadilishwi, basi Yunus anamwibia Sabiha, na Sabiha naye anaidanganya serikali. Dhambi mbili, filta moja.

Kwa hiyo baada ya swala ya alfajiri alitandika mkeka, akajipenyeza chini ya gari na baibui lake, akaichora filta nyota kwa wanja. Kisha akalipeleka gereji. Yunus alipompa shikamoo, aliitikia marahaba kwa sauti tamu mno, ya kumtia mtu hofu.

Mafundi wa huku humrudishia mwenye gari spea kuukuu, awe na ushahidi. Saa nne Yunus akamkabidhi filta ndani ya gazeti, na risiti ya mashine ya duka la spea juu yake. Sabiha akaigeuza huku na kule. Nyota hakuna.

"Yunus, hii filta ya gari la nani?"

"Lako, dada."

"Yangu ina alama ya wanja."

Yunus akauma mdomo asicheke. Akaeleza kuwa ilikuwa inachuruzika oili, akaiosha kwa petroli isije ikamchafulia baibui. Sabiha hakuamini hata nusu. Akaomba gunia, akalitandika, akaingia tena uvunguni. Filta mpya ilikuwa pale inameta, na kijikaratasi cha duka lilelile kimebandikwa ubavuni.

"Sasa mbona oili inakufa mapema?" akauliza akiwa kulekule chini, hataki kushindwa.

"Inakufa kwa safari, dada. Unaniambia gari linapeleka samaki Dar mara mbili kwa wiki, basi. Kilomita zinakataa."

Alipotoka, Yunus akamnyooshea kikopo cha vitu alivyookota garini. Injini ya kirikuu imekaa chini ya kiti, na alipoinua kiti alikuta asumini zilizokauka, kadi mbili za harusi za Mlingotini na kiatu kimoja cha mtoto.

"Samaki hawavai asumini, dada."

Sabiha alikumbuka alivyomwapia Rukaya kuwa safari zote ni za kazi. Akamkazia fundi macho.

"Umemwonyesha nani?"

"Wewe tu."

Hakumwamini sana, ila adhuhuri ilikuwa inakaribia. Akampigia Rukaya, akamwambia katika kila safari kumi aandike saba za kazi. Rukaya akauliza zile tatu zimekwenda wapi. Harusini, akajibu, tena kwa sauti ndogo.

Siku hizi, kabla ya kulipeleka gari gereji, Sabiha huinua kiti akafagia mwenyewe, mara mbili. Wanja unabaki machoni.